Milioni 1.8, chumba na sebule, na mama mkwe yuko njiani: tuanzie wapi?

Swali: Mimi na mume wangu tumefunga ndoa miezi minne iliyopita, na sasa tumepanga chumba, sebule na jiko huko Mbagala. Tumehamia na godoro la futi 4 alilokuwa akililalia mume wangu tangu enzi za ukapera, jiko la gesi, vyombo vichache na viti viwili vya plastiki. Tumejikusanyia shilingi milioni 1.8 za samani na mapambo. Nimeona seti ya makochi ya watu saba inayouzwa milioni 1.4, na rafiki yangu ananishauri niichukue, vingine tukavikopee. Mama mkwe anatoka Songea kuja kututembelea baada ya wiki sita na sitaki aikute nyumba tupu. Sebule ina upana wa mita 3 na urefu wa mita 3.5. Naomba ushauri.

Jibu: Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Seti hiyo msiinunue, na msikope, hasa ile mikopo ambayo mitaani imebatizwa jina la kausha damu, kwa kuwa marejesho yake yatakuwa yakibisha hodi hata baada ya mkwe wako kurudi Songea. Fedha mliyonayo inatosha kuifanya nyumba hiyo ikalike na ipendeze, lakini kwa sharti moja ambalo najua halifuati mazoea yetu: anzeni chumbani, sebule iwe ya pili. Wengi wetu tumezoea kumaliza fedha sebuleni kwa ajili ya mgeni anayekaa saa mbili, kisha tukalala miaka mitano juu ya godoro lililobonyea katikati.

Kabla ya kununua chochote, chukua chaki na futi ya kupimia, ufagie sakafu ya sebule, kisha uichore seti hiyo ya makochi chini kwa ukubwa wake halisi. Kochi la watu watatu huwa na urefu wa mita 2.1 hivi na kina cha sentimita 90, la watu wawili karibu mita 1.6, na yale ya mtu mmoja mmoja karibu mita 1 kila moja. Ukijumlisha utapata zaidi ya mita 5 za mraba, ilhali sebule yako yote ina mita 10.5 za mraba. Yaani makochi peke yake yatakula karibu nusu ya sakafu, kabla hujaweka meza, kabla mlango haujafunguka, na kabla hujaacha njia ya sentimita 60 au 70 ambayo mtu aliyebeba sinia la chai anaihitaji ili apite bila kukaa upande. Nimeingia katika nyumba nyingi za namna hiyo. Makochi ni mazuri, lakini wenyeji huyaparamia ili wafike dirishani.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba nyumba si yenu. Kila unachotaka kukilipia, jiulize kama siku mkihama kitapanda kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Kitanda kitapanda, mapazia yatapanda, mkeka utapanda. Dari la jipsamu lenye taa za rangi halitapanda, wala vigae, wala kabati lililojengewa ukutani. Hayo ni zawadi kwa mwenye nyumba, naye anaweza kuyatumia kama sababu ya kupandisha kodi. Rangi ya ukuta ndiyo pekee ninayoiruhusu kuvunja sheria hii, kwa sababu gharama yake ni ndogo na mabadiliko yake yanaonekana siku hiyo hiyo. Hata hivyo, mwombeni mwenye nyumba ruhusa kwanza, na muulizeni kama atakubali kuikata katika kodi, maana baadhi yao hukubali.

Sasa twende chumbani. Nunueni godoro jipya la futi 5 kwa 6, lenye unene wa inchi 8. Msidanganyike na unene peke yake, kwani godoro la inchi 10 la sponji nyepesi hubonyea mapema kuliko la inchi 6 la sponji iliyoshiba. Kipimo cha maana ni uzito wa sponji kwa kila mita ya ujazo. Godoro la vipimo nilivyotaja lina karibu mita za ujazo 0.57, kwa hiyo likiwa la kilo 24 kwa mita ya ujazo litafika karibu kilo 13 na nusu, na likiwa la kilo 18 litakuwa na kilo 10 tu, ingawa dukani yatasimama bega kwa bega yakiwa yamevaa kitambaa kinachofanana. Mwombe muuzaji mzani, au yabebe yote mawili mikononi. Tofauti ya kilo 3 utaisikia. Kisha weka goti juu yake, hesabu hadi 20, ondoa goti uangalie: sponji nzuri huinuka mara moja, mbovu hubaki na shimo kama unga uliobonyezwa kidole. Jaribio la goti usiliache hata kama mzani umekuridhisha, kwani wapo wanaoitia sponji unga wa kuongeza uzito.

Kuhusu kitanda, nitakueleza kosa langu mwenyewe. Katika miaka yangu ya mwanzo ya kazi hii ya kupamba nyumba nilimwagizia mteja kitanda cha mninga kwenye karakana moja ambayo sitaitaja, nikalipa fedha yote siku ya kwanza kwa sababu fundi alikuwa mcheshi. Kitanda kilikuja kikiwa chekundu cha kahawia, kinang'aa kwa vanishi, na hakuna aliyekitilia shaka. Mwezi wa tatu kilianza kulia usiku. Nilipokilaza na kukwaruza kwa kisu upande wa chini wa mfumbati, yaani ule ubao mrefu wa ubavuni, nikakuta ubao mweupe wenye vifundo: paini iliyopakwa rangi, imefungwa kwa misumari mitupu, bila gundi. Tangu siku hiyo sinunui kitanda bila kukipindua. Sehemu za chini na za nyuma mara nyingi hazipakwi rangi kwa uangalifu, na huko ndiko ubao husema ukweli wake.

Paini yenyewe haina ubaya, mradi unauziwa kwa jina lake na kwa bei yake. Mbao nyingi za paini zinazouzwa mjini zinatoka nyanda za juu kusini, kwenye mashamba kama la Sao Hill kule Mufindi, na zikiwa zimekaushwa vizuri zinafaa kabisa kwa kitanda cha watu wenye bajeti yenu. Mninga na mkongo ni mbao za kurithisha, mtazifikia. Mkienda kwenye karakana za Keko, au kwa fundi wa mtaani kwenu, angalieni mambo haya kwa macho yenu: kwamba mbao ni kavu, kwani mbichi huwa nzito kupita kiasi na baridi kiganjani, kwamba pale mfumbati unapokutana na tendegu, yaani mguu wa kitanda, kuna ulimi wa ubao ulioingia ndani ya tundu au kuna bolti, si msumari peke yake, na kwamba chaga ni nene na hazijaachana kwa zaidi ya sentimita 7 au 8, la sivyo sponji itazama katikati yake na godoro zuri litaharibika bila kosa lake. Lipeni nusu, andikianeni vipimo na aina ya mbao, na nendeni mkakione kitanda kabla hakijapigwa vanishi. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Hapo unaweza kuniuliza: na mkwe atalala wapi? Swali hilo hukuliandika, ila ndilo lililobadilisha mpango wangu wote wa sebule yako. Kumlaza mama mkwe kwenye kitanda cha ndoa cha mwanawe ni jambo ambalo katika familia nyingi halifanyiki, na mzee aliyesafiri kutwa nzima na basi hawezi kulazwa kwenye kochi la watu watatu huku miguu ikining'inia. Kwa hiyo badala ya seti ya makochi, mwagizeni fundi yule yule atengeneze kitanda chembamba cha futi 3 kwa 6, kisicho na kichwa wala miguu iliyochomoza, cha kuegeshwa ukutani: mchana ni mahali pa kukaa watu watatu, usiku ni kitanda cha mgeni.

Vipimo vyake viwe hivi, na usimruhusu fundi avibadilishe kwa makadirio. Fremu iwe na kimo cha sentimita 30 kutoka sakafuni hadi juu ya chaga, kisha juu yake ukiweka godoro la inchi 6, ambalo ni kama sentimita 15, unapata kimo cha sentimita 45. Hicho ndicho kimo ambacho mtu mzima mwenye magoti yaliyochoka anakaa na kuinuka bila kuomba mkono. Makochi mengi ya kisasa yako chini zaidi na yanadidimia, na utawaona wazee wakiyakwepa na kuomba kiti cha plastiki. Tatizo litakalobaki ni kina: futi 3 ni sentimita 91, na mtu hukaa vizuri kwenye kina cha sentimita 50 hadi 55. Nafasi inayobaki nyuma mnaijaza kwa matakia manene yaliyopangwa ukutani, na usiku yanaondolewa na kuwekwa pembeni.

Matakia hayo msiyanunue. Lile godoro la ukapera, kama halina kunguni, ndiyo sponji yenu. Likagueni kwanza kwenye mishono na pembe: madoa madogo meusi kama ya wino, maganda mepesi ya rangi ya kahawia au mayai meupe vikiwapo, godoro hilo lisiingie sebuleni kabisa. Likiwa salama, mlikate kwa kisu kirefu chenye makali kwa kufuata mstari uliochorwa kwa kalamu, vipande vinne vya sentimita 45 kwa 45, vingine mvinyambue vidogo vidogo vya kujazia mito. Magamba yake, yaani foronya, mshoneeni kitenge, kwani kitambaa chake ni kizito kuliko kanga, na kila gamba liwe na zipu ili livuliwe na kufuliwa. Kifueni kitenge kabla hakijafika kwa fundi cherehani, kwa sababu pamba hunywea kwenye maji ya kwanza, na gamba likishanywea hulivalishi tena. Ngozi bandia siipendekezi kwa Dar es Salaam hata kwa senti moja. Joto huifanya imshike mtu mgongoni, na baada ya miaka michache huanza kubanduka magamba magamba kama aliyeungua jua.

Ongezeni viti viwili vya mbao vyenye mikono, ambavyo mnaweza kuvipata vya mtumba kwa familia zinazohama. Kiti cha mbao tupu cha mtumba ni salama kuliko kochi la mtumba, kwani kinachunguzika chote: tikisa miguu, tafuta vitundu vidogo vinavyotoa unga, ambavyo ni dalili ya wadudu walio ndani, na chungulia kwenye viungo kama kuna kunguni. Godoro la mtumba na kochi la mtumba la kitambaa visivuke kizingiti chenu.

Sakafuni, tandikeni mkeka. Zulia la manyoya linawavutia wengi, lakini katika mtaa wenye vumbi huwa linahifadhi kila kitu na halifuliki nyumbani. Mkeka mzuri wa ukindu, kama ile inayosukwa Pemba na Unguja, husukwa kwanza kuwa ukili, yaani utepe mrefu mwembamba, kisha tepe hizo hushonwa pamoja kuzunguka hadi upatikane upana unaotakiwa. Unapoununua, ugeuze na uvute mishono ya kati ya ukili na ukili kwa vidole; mkeka huachia hapo kwanza. Uchague wenye rangi mbili tatu, na rangi mojawapo ya kitenge chako itokane na mkeka huo. Sheria ya rangi kwa bajeti ndogo ni hiyo tu: kitu kimoja kizungumze, vingine viitikie.

Ukuta na mwanga ndivyo vitakavyoondoa ile hali ya utupu unayoiogopa. Hebu tupige hesabu ya rangi. Mzunguko wa sebule yako ni mita 13. Kama kuta zina kimo cha mita 2.7, hizo ni mita 35 za mraba, ukitoa mlango na dirisha zinabaki kama 31. Rangi ya maji kwenye ukuta uliosawazishwa hufunika mita 8 hadi 10 za mraba kwa lita moja, kwa mkono mmoja. Mikono miwili ya sebule ni lita 7 au 8, na chumba kinachokaribiana nayo kitataka kiasi hicho hicho. Kwa hiyo ndoo moja ya lita 20 inatosha vyote viwili na inabaki ya kurekebishia madoa. Chagueni nyeupe iliyovunjwa kidogo kwa krimu, kwani nyeupe kali huonyesha kila alama ya kidole na kila kovu la plasta. Palipo na unyevu unaopanda kutoka chini, ambapo rangi imevimba na kuna unga mweupe wa chumvi, msipake rangi ya mafuta kuuficha; itaufungia maji ndani na kumenyeka vipande vipande. Kwanguani, paacheni pakauke, mpake rangi ya maji.

Kisha taa. Balbu nyingi za LED madukani ni zile za mwanga mweupe wa kibuluu, ambazo kwenye boksi zimeandikwa 6500K. Zinafaa jikoni. Kwa sebule na chumba tafuteni iliyoandikwa 3000K au 2700K, ambayo mwanga wake ni wa manjano tulivu kama wa jioni. Bei hazitofautiani sana, umeme unaoliwa ni ule ule, lakini chini ya taa ya kwanza nyumba yenu itafanana na duka la dawa na chini ya ya pili uso wa mkwe wako utaonekana umepumzika. Nimewahi kubadilisha balbu mbili tu kwa mteja aliyekuwa akitaka kubadilisha makochi, naye akaghairi makochi.

Mapazia nayo yana siri yake, nayo ni kipimo. Tuseme dirisha lina upana wa mita 1.5. Bomba lisiishie kwenye kingo za dirisha. Liwe la mita 1.9, lizidi sentimita 20 kila upande, na lifungwe juu karibu na dari, si juu kidogo tu ya fremu. Dirisha litaonekana kubwa na chumba kirefu, na pazia likifunguliwa halitaziba upepo, ambao Mbagala mnauhitaji kuliko urembo wowote. Kitambaa kiwe mara mbili ya urefu wa bomba ili kipate mikunjo, yaani mita 3.8. Ukichukua kile cha upana wa mita 2.8, upana wake ndio utakaokuwa kimo cha pazia, kwa hiyo unanunua mita 3.8 tu na humlipi fundi kuunganisha vipande. Watu wengi hukosea hapo: wananunua kitambaa cha gharama kubwa, lakini kidogo, kikatundikwa kikavutika kama shuka kwenye kamba. Afadhali kitambaa cha bei ya chini kilicho tele.

Jikoni sina mengi. Meza imara ya kimo cha kiuno, kichanja cha vyombo, rafu moja ya ukutani, na jiko la gesi likae mbali na pazia.

Kuhusu mapambo, nunueni kitu kimoja cha ukutani kilicho halisi, kwingine mziache kuta zipumue. Vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu ni vyepesi, vitatu vya ukubwa tofauti vinatosha ukuta mzima, na siku ya shughuli vinashushwa vikafanye kazi. Au picha ndogo ya tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyeianzisha sanaa hiyo Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alichora juu ya vipande vya ubao mwepesi kwa rangi za kupakia baiskeli, kwa hiyo hakuna picha inayostahili zaidi kukaa katika nyumba inayoanza na kidogo. Itundike ili katikati yake pawe mita 1.5 kutoka sakafuni. Maua ya plastiki nakuachia mwenyewe, ila vumbi lake utalifuta wewe.

Kwa fedha yenu ningegawa hivi, nikijua bei hubadilika kutoka duka hadi duka: godoro na kitanda chenu laki 7, kitanda cha sebuleni na godoro lake, viti viwili, mkeka na ushonaji laki 5, mapazia na mabomba laki 2, rangi, balbu na burashi laki 1, jiko na pambo la ukutani laki 1 na nusu. Inabaki laki 1 na nusu, nayo msiiguse. Wiki ya kwanza muagize vitanda kwa fundi na mpake rangi wenyewe nyumba ikiwa bado tupu, kazi ambayo haitawezekana tena mkishapanga vitu. Wiki ya pili na ya tatu ni za mapazia na matakia, kwani mafundi cherehani huahidi Jumanne wakimaanisha Jumamosi. Vitanda vikifika wiki ya nne, mtakuwa na siku za kutosha kumrudisha fundi kama kuna kiungo kinacholia.

Laki hiyo na nusu iliyobaki ni mwanzo wa fedha ya kabati la nguo, ila subirini masika ipite. Mvua za Machi hadi Mei ndizo zitakazowaonyesha ni ukuta upi wa chumba unaotoa jasho, na kabati, hasa la mbao za kiwandani zilizoshindiliwa kwa gundi, likiegeshwa kwenye ukuta huo litavimba miguu na nguo zitanuka ukungu kabla ya Pasaka nyingine. Kwa sasa fungeni bomba la chuma la kutundikia nguo nyuma ya mlango, na kila baada ya mvua kubwa pitisheni kiganja kwenye kuta zote nne za chumba, kuanzia chini hadi kimo cha goti.